Baridi Isiyohitaji Theluji: Kwa Nini Mabomba ya Moshi Huoza Kindu

Kindu, mji wa mkoa wa Maniema nchini Kongo, iko kama nyuzi 3 kusini mwa Ikweta, kwenye kingo mbili za mto Lualaba, na wastani wa joto lake mwaka mzima huzunguka nyuzi 25 za Selsiasi. Hakuna mkazi wa mitaa yake ya Kasuku, Mikelenge wala Alunguli anayelazimika kukwangua barafu kwenye kioo cha gari kabla ya kwenda kazini. Kwa hiyo mtu akianza kueleza jinsi majira ya baridi ya Ulaya, Japani au Canada yanavyoharibu mabomba ya moshi ya magari, msomaji wa Maniema ana haki ya kuuliza hayo yanamhusu nini. Jibu la makala haya ni kwamba yanamhusu kuliko anavyodhani. Ukichunguza kwa makini kinachotokea chini ya gari wakati wa theluji, utakuta kwamba baridi yenyewe ni msaidizi tu. Waharibifu halisi ni wawili: maji yanayobaki ndani ya bomba, na chumvi inayong'ang'ania nje yake. Maji hayo Kindu inayo kwa wingi, iwe kuna theluji au hakuna. Chumvi nayo huingia mjini ikiwa imejificha chini ya magari yaliyotumika. Anayeujua ugonjwa wa magari ya nchi za baridi, basi, ameujua pia ugonjwa wa gari lake mwenyewe.

Tuanze na jambo ambalo wenye magari wengi hawalitarajii: injini hutengeneza maji. Petroli, au esansi kama isemwavyo Kindu, imeundwa kwa kaboni na haidrojeni. Ikiungua pamoja na oksijeni ya hewa, kaboni hugeuka gesi ya kaboni dioksaidi, na haidrojeni hugeuka maji. Hesabu ya kemia haina ubishi: lita 1 ya petroli ikiungua yote hutoa takribani lita 1 ya maji. Maji hayo hutoka kwenye injini yakiwa mvuke wa moto usioonekana, na bomba likiwa la moto toka mwanzo hadi mwisho, mvuke huo hupita wote na kutokomea hewani. Gari linalotumia lita 10 kwa kilomita 100 likienda kilomita 3 tu huwa limeshatengeneza karibu theluthi moja ya lita ya maji, yaani zaidi ya glasi moja. Injini ambayo bado haijapata moto hula mafuta zaidi ya kawaida, hivyo kiasi halisi huzidi hapo. Swali linalobaki ni kama maji hayo yametoka yote, au mengine yamelala ndani.

Jibu linategemea joto la chuma kuliko joto la hewa. Katika kila sehemu 100 za moshi wa petroli, kama 13 ni mvuke wa maji. Moshi wenye unyevu wa kiasi hicho huanza kugeuka matone mara tu unapogusa kitu chenye joto la chini ya nyuzi 50 na kidogo. Hapo ndipo baridi inapoanzia kwa bomba la moshi, mbali sana na sifuri ya barafu. Chuma kilicholala nje usiku kucha na kuamka na nyuzi 22 ni cha baridi tele kwa kipimo hicho. Tena tunaweza kulinganisha kwa hesabu. Hewa ya nyuzi 25 haiwezi kubeba mvuke zaidi ya sehemu 3 hivi katika 100, na hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri hubeba chini ya theluthi ya sehemu moja. Maana yake, moshi ukipozwa hadi joto la kawaida la Kindu hupoteza zaidi ya robo tatu ya maji yake, na ukipozwa hadi baridi hiyo ya Winnipeg, Canada, hupoteza karibu yote. Tofauti ipo, lakini haitoshi kumfanya mtu wa nchi ya joto aseme kwamba tatizo hili si lake.

Hata hivyo, haki itendeke: majira ya baridi yana makali yake ya pekee. Chuma kilichoganda huchukua muda mrefu zaidi kupata moto, na upepo wa barafu unaopita chini ya gari hukipoza kila mara. Kompyuta ya injini, ikihisi baridi, huongeza mafuta ili injini iwake, na mengine hutoka bila kuungua vizuri. Kile kifaa cha kusafisha moshi ambacho mafundi wengi wa Kiswahili hukiita masega, kwa sababu ndani kina vitundu vilivyopangana vilivyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, hakianzi kazi yake ipasavyo mpaka kifikie nyuzi 250 hadi 300. Asubuhi ya barafu hukichelewesha, na ndiyo maana sehemu kubwa ya sumu inayotolewa na gari la petroli katika safari fupi hutoka dakika za mwanzo. Familia za Wakongomani zilizohamia nyanda za Canada hukuta magari yakichomekwa kwenye umeme usiku, ili kipashio kidogo kilichofungwa kwenye injini kizuie isigande. Huko maji yaliyobaki kwenye bomba huweza kuganda na kuliziba, na theluji iliyorundikana nyuma ya gari huweza kuzuia moshi usitoke. Mnamo Januari 2022, huko Murree, Pakistani, watu zaidi ya 20 walifia ndani ya magari yaliyokwama kwenye theluji, na gesi ya moshi ilitajwa miongoni mwa sababu. Madhara ya namna hiyo Kindu haiyajui, na hakuna sababu ya kuyakuza.

Lakini ondoa theluji katika maelezo hayo, kisha utazame kilichobaki. Kilichobaki ni gari linalowashwa likiwa baridi, linakwenda umbali mfupi, linazimwa kabla chuma cha nyuma hakijapata moto, na kurudia hivyo siku nzima. Hayo ndiyo maisha ya gari la Kindu. Mji huu haukujengwa kwa kutegemea barabara ndefu. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 uliishi kwa reli inayotoka kusini, ambayo leo iko chini ya shirika la reli la SNCC, na kwa vyombo vya majini vinavyoteremka Lualaba hadi Ubundu, ambako maporomoko hulazimisha mizigo kupanda reli nyingine kuelekea Kisangani. Barabara za kutokea mjini ni za udongo, na mvua ikinyesha mfululizo hugeuka tope linaloweza kumeza gurudumu zima. Matokeo yake, magari mengi hubaki mjini yakizunguka kati ya soko, ofisi, kanisa, uwanja wa ndege na kivuko. Likifika kivukoni, gari huzimwa kusubiri zamu, na ng'ambo huwashwa tena kwa safari nyingine fupi. Sehemu ya mbele ya bomba, iliyo karibu na injini, hupata moto upesi. Mtungi wa nyuma wa kupunguza kelele ndio wa mwisho kupashwa, na mara nyingi zamu yake haifiki. Bomba la namna hiyo ni kama nguo iliyokunjwa mbichi na kufungiwa sandukuni: mvua haiipati tena, lakini itaoza.

Pikipiki zinazobeba abiria wengi wa mji huu zimejaliwa nafuu kidogo. Bomba lao ni fupi, liko karibu na injini, na linapata moto baada ya muda mfupi. Tena pikipiki ya abiria haipumziki, hivyo maji yake hukauka. Adui wake mkubwa yuko nje: tope linalonasa kwenye viungio, na maji baridi yanayomwagika ghafla juu ya chuma cha moto. Hapa pia majira ya baridi na majira ya mvua hukutana. Dereva wa Sapporo, Japani, anayepita kwenye dimbwi la theluji iliyoyeyuka na dereva wa Kindu anayetumbukia kwenye dimbwi la mvua hufanyia chuma chao jambo lile lile. Chuma cha kusubu cha manifodi, kinachokusanya moshi kutoka kwenye silinda, hujikunja upande mmoja huku upande mwingine ukiwa bado umetanuka, na kikirudia hivyo miaka mingi hupata ufa. Masega ya ndani, ambayo aghalabu ni ya kauri, nayo hupasuka kwa mshtuko wa namna hiyo. Na injini ikizimika katikati ya maji marefu, nguvu ya moshi iliyokuwa ikiyazuia hupotea, na maji ya mto au ya mfereji huingia kwenye bomba kwa mlango wa nyuma.

Maji matupu hula chuma polepole, lakini maji ya ndani ya bomba si matupu. Mafuta huwa na salfa, na salfa ikiungua huishia kuwa asidi pindi inapokutana na matone. Oksaidi za naitrojeni zinazotengenezwa na joto la injini huongeza asidi nyingine. Ndiyo sababu nchi zilizotaka magari yao yadumu na hewa yao isafike zilianzia kwenye mafuta. Umoja wa Ulaya ulishusha salfa hadi sehemu 10 kwa milioni mwaka 2009, na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki za wakati huo zilipanga kikomo cha sehemu 50 kwa milioni katika dizeli kuanzia Januari 2015. Mnunuzi wa Kindu anayejaza tangi kutoka kwenye chupa na madumu ya wauzaji wa kando ya barabara, wale ambao miji mingi ya Kongo huwaita makadafi, hana njia ya kujua mafuta hayo yamebeba nini. Magari ya dizeli, au mazutu, yana nafuu upande mmoja na hasara upande mwingine. Moshi wao una hewa ya ziada, hivyo mvuke wa maji ndani yake ni haba kuliko wa petroli, lakini dizeli isiyosafishwa vizuri huwa na salfa nyingi zaidi. Mafuta ya namna hiyo yakikutana na safari fupi, asidi hukaa muda mrefu chini ya mtungi, na chuma huliwa kutoka ndani kwenda nje. Siku kutu inapoonekana kwa macho, ukuta wa chuma huwa umekwisha kitambo.

Watengenezaji wa magari wanalijua hilo, na walilitafutia dawa. Mabomba ya kisasa hutengenezwa kwa chuma kilichochanganywa na kromiamu ili kisishike kutu upesi, au kwa chuma kilichopakwa alumini. Mitungi mingi ina kitundu kidogo sana upande wa chini, chenye kazi moja tu ya kuyaacha maji yatoke. Mwenye gari akiona matone yakidondoka hapo asubuhi, na mvuke mweupe ukitoka nyuma, huingiwa na hofu na kumwomba fundi alichomelee lile tundu. Fundi akikubali, amefungia asidi ndani. Matone machache ya dakika za mwanzo, yanayokoma gari likipata moto, ni dalili ya kawaida kwa gari la petroli popote duniani. Cha kuogopwa ni mvuke mzito mweupe usiokoma hata baada ya mwendo mrefu, hasa kama maji ya rejeta yanapungua bila kuonekana yanakovujia. Hapo gasketi ya kichwa cha injini huenda imeungua, na huo ni ugonjwa mwingine kabisa.

Sasa tugeukie chumvi, maana hapa ndipo majira ya baridi yanapoifikia Kindu yenyewe, hata kama yamechelewa miaka kumi. Chumvi huyeyusha barafu barabarani kwa kushusha kiwango cha joto ambacho maji hugandia, na nchi za baridi huimwaga kwa mamilioni ya tani. Japani, ilipopitisha sheria ya 1990 dhidi ya matairi yenye misumari kwa sababu yalikuwa yakisaga lami na kujaza vumbi hewani, ilizidi kutegemea chumvi katika maeneo ya theluji kama Hokkaido. Gari linalopita juu ya barabara hizo hurushiwa maji ya chumvi kwenye kila kiungio cha tumbo lake. Kisha linazeeka. Japani hukagua magari ya kawaida miaka 3 baada ya kununuliwa, halafu kila miaka 2, na gharama za ukaguzi huo huwashawishi wengi kuuza gari badala ya kulitengeneza. Ripoti ya mwaka 2020 ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ilikadiria kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na kama asilimia 40 yalikuja Afrika. Mengine kati ya hayo yalikwisha kuonja chumvi miaka mingi kabla ya kuonja vumbi letu.

Mtu atasema kwamba chumvi hiyo ilikwisha kuoshwa, au kwamba joto la Afrika limeikausha. Kemia inasema kinyume. Kutu ni mmenyuko unaohitaji unyevu, na kama mimenyuko mingi hukimbia zaidi kwenye joto. Kwenye baridi kali ya chini ya sifuri kutu hulala. Ndiyo maana mafundi wa nchi za theluji huonya kwamba gari lenye chumvi likiegeshwa kwenye banda lenye joto huoza upesi kuliko likiachwa nje kwenye barafu. Kloraidi ya kalsiamu, mojawapo ya chumvi hizo, hunyonya unyevu hewani hata hewa ikiwa kavu kiasi, na hivyo hujilowesha yenyewe bila mvua kunyesha. Sasa lipeleke gari la namna hiyo kwenye bonde la Lualaba, kwenye joto la nyuzi 25 na hewa nzito ya msitu usiku na mchana. Chumvi iliyokuwa imelala ndani ya mikunjo ya chuma, chini ya vibanio vya bomba na nyuma ya ngao za joto huamka na kuendelea na kazi. Kilichoanzia Hokkaido humalizikia Kasuku.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Magari mengi ya Japani hayatoki kwenye theluji, na mengi yanayofika mashariki mwa Kongo huwa yamepitia bandari kama Dar es Salaam au Mombasa, hivyo kuilaumu Hokkaido kwa kila tundu ni kutafuta mchawi. Ni kweli, na haisemwi hapa kwamba kila gari la mtumba limeoza. Linalosemwa ni kwamba mnunuzi hawezi kujua kwa kutazama rangi ya juu, kwa sababu magari ya mikoa yote huchanganywa kwenye minada, na rangi mpya haifiki tumboni. Tena njia ya bandarini haiondoi shaka bali huiongeza. Hewa ya pwani hubeba chumvi ya bahari, na gari lililokaa muda mrefu bandarini, au lililotumika miaka kadhaa Mombasa au Unguja, limevuta chumvi ya aina ile ile bila kuona theluji hata siku moja. Awe anajali asili ya Japani au asili ya pwani, mnunuzi anarudishwa kwenye wajibu mmoja wa kuchungulia chini ya gari.

Wapo pia wanaodhani wamepata dawa rahisi: gari liwashwe asubuhi, liachwe linanguruma dakika 20 likiwa limesimama, bomba lipate moto. Ushauri huo ulizaliwa zama za kabureta, na hata katika nchi za baridi umepitwa na wakati. Injini isiyofanya kazi nzito hutoa moshi mchache na wa joto la chini. Sehemu ya mbele hupata moto, mtungi wa nyuma hubaki baridi, na muda wote huo maji yanaendelea kutengenezwa na kumiminika mahali pale pale pabaya. Kinachokausha bomba ni mwendo wenye mzigo, kwa sababu injini inayovuta hutoa moshi mwingi na mkali. Kwa hiyo dakika moja ya kuwasha inatosha, kisha gari liondoke taratibu. Na kama safari za wiki nzima zimekuwa za hatua chache, basi mara moja kwa wiki lipelekwe nje ya mji kwa mwendo wa nusu saa bila kuzimwa. Mafuta ya safari hiyo yana gharama, lakini mtungi mpya una gharama kubwa zaidi, hasa katika mji ambao kipuri husubiri treni au ndege.

Pingamizi gumu kuliko yote husemwa kwa kicheko: bomba likitoboka, gari hupiga kelele tu na linaendelea kutembea, kwa hiyo kuna haja gani ya kuhangaika? Ingekuwa kelele peke yake, hoja hiyo ingekubalika. Lakini bomba la moshi lina kazi nyingine ya kupeleka sumu mbali na pua za abiria. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikamana nayo. Bomba likitoboka chini ya viti, na sakafu ya gari ikiwa nayo imeliwa na kutu ile ile, gesi hupanda ndani. Dereva wa nchi ya theluji hufunga vioo kwa sababu ya baridi, naye dereva wa Kindu huvifunga kwa sababu ya mvua, na hatari inakuwa moja. Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu na uchovu. Katika mkoa wenye malaria, mtu mwenye dalili hizo hufikiria mbu kwanza, na hatapata sababu ya kulishuku gari. Alama ya kumsaidia ni hii: ikiwa wote waliopanda gari moja wanaumwa kichwa kwa pamoja, na wanapata nafuu wakishuka, tatizo liko chini ya viti.

Hoja hiyo hiyo inagusa tabia ya kung'oa masega. Wengine huyaondoa kwa kuamini kwamba yanapunguza nguvu ya injini, wengine kwa sababu madini yake yana soko. Ukaguzi uliofanywa Uholanzi kwa magari yaliyokuwa yakienda Afrika, uliotangazwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba baadhi yalikuwa yameondolewa masega kabla hata ya kupakiwa melini. Masega yaliyoziba kweli hupunguza nguvu, na hapo tiba ni kutafuta kwa nini yameziba, kwa kawaida ni injini inayokula oili au kuchoma mafuta vibaya. Masega mazima hayamnyimi dereva kitu cha kuhisi. Lililo wazi ni kwamba gari lisilo nayo hutoa kaboni monoksaidi nyingi zaidi, na likichanganya upungufu huo na bomba lililotoboka, abiria wamenyang'anywa kinga zote mbili kwa mpigo mmoja.

Itaulizwa mwishowe kama ushauri huu unafaa kwa mji ambao watu wengi wanahesabu kila faranga. Unafaa, kwa sababu mengi yake hayahitaji pesa. Kabla ya kununua gari, mnunuzi alale chini na tochi, aligonge bomba kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima hulia kwa sauti kali, chuma kilicholiwa hutoa sauti butu au hupukutika. Atazame vibanio, kona na chini ya mtungi, na aogope rangi nyeusi mpya iliyopakwa tumboni, maana mara nyingi imefunika kitu. Anayemiliki gari tayari alioshe tumbo kwa maji matamu baada ya tope, kisha aliendeshe likauke badala ya kuliegesha likiwa limelowa. Akiunganisha safari zake tatu fupi kuwa moja, amepunguza mara mbili ambazo injini ingewashwa ikiwa baridi. Kitundu cha mtungi kiachwe wazi. Ufa mdogo uchomelewe ungali mdogo, wakati pembeni bado kuna chuma cha kushika moto wa kuchomelea. Na asiache injini ikinguruma ndani ya banda lililofungwa, sheria ambayo inaihusu pia jenereta ya nyumbani.

Hapo ndipo tofauti ya kweli kati ya Kindu na nchi za baridi inapoonekana. Tumeona kwamba maji ni yale yale, chumvi ni ile ile, na sumu ni ile ile. Kinachotofautiana ni mazoea yaliyojengwa kuvikabili. Uingereza hulipeleka gari kukaguliwa kila mwaka linapofikisha miaka 3, na bomba la moshi limo katika orodha ya vinavyotazamwa. Japani ina ukaguzi wake tuliokwisha kuutaja. Magari yanapovuka bahari, huacha nyuma ukaguzi huo na kuja na kutu yake. Kongo ina shirika la OCC la kudhibiti bidhaa zinazoingia nchini, na ina cheti cha ukaguzi wa gari ambacho madereva huulizwa njiani. Vyote viwili vingekuwa na thamani kubwa zaidi kwa abiria kama gari lingeinuliwa na bomba lake kugongwa kabla ya muhuri kupigwa. Vifaa vya kazi hiyo ni jeki, tochi na nyundo ndogo, vitu vinavyopatikana katika kila gereji ya Kindu. Mpaka hilo lifanyike, ukaguzi unabaki mikononi mwa mnunuzi, na anayenunua kwa kusikiliza injini peke yake amekagua nusu ya gari.